Nyumba na Afya: Maradhi ya Hisia Zisizotulia, na Njia ya Kupona



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, iwe ni katika kota za askari au katika vijiji vya wavuvi na wakulima wa michikichi, hupatikana mtu mmoja ambaye jamaa zake wamekwisha kumpa jina. Akiwa mwanamke ataitwa mkorofi, au mwenye gubu. Akiwa mwanamume ataitwa jeuri asiyeambilika. Na pale ambapo majina hayo hayatoshi kueleza mambo yanayoonekana, watu husema kwamba amerogwa.

Juma hili safu yetu inakusudia kuzungumza juu ya maradhi ambayo mara nyingi hujificha nyuma ya majina hayo. Ni maradhi yanayotesa, yanayovunja ndoa, na ambayo wakati mwingine huua. Lakini kuna jambo ambalo jamaa wengi hawajapata kulisikia, na ambalo tungependa lisomwe kabla ya mengine yote: walio wengi miongoni mwa wagonjwa hawa hupata nafuu kubwa kadiri miaka inavyokwenda. Jambo hilo limethibitishwa kwa uchunguzi wa miaka mingi, nasi tutaueleza uchunguzi huo hapa chini.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ili tuelewane vizuri, tutunge mfano. Tuseme ipo nyumba moja Bugarama. Si ile ya Muramvya penye njia panda ya Gitega na Kayanza, bali hii yetu ya upande wa Rumonge, ambako vilima hushuka mpaka ukingoni mwa ziwa. Ndani ya nyumba hiyo yumo mke wa askari, mwenye umri wa miaka 24, ambaye huuza ndagala pale Magara. Mumewe yu kazini mbali, naye anaishi na mavyaa wake na wifi yake.

Siku mumewe anapopiga simu, nyumba nzima hufurahi. Bibi huyu huimba akianika ndagala, na humwita mavyaa wake mama mzazi. Lakini simu isipolia kwa siku mbili, kwa kuwa kule aliko askari hakuna mtandao, yeye huwa na hakika kabisa kwamba ameachwa. Hutuma ujumbe wa matusi, baada ya saa moja hutuma ujumbe wa kuomba radhi, kisha hurudia matusi. Jirani ambaye siku ya Jumatatu alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, siku ya Ijumaa huwa adui, kwa sababu tu alichelewa kuitikia salamu. Mtaji wa biashara huweza kwisha wote katika alasiri moja kwa kununua vitenge. Mara kadhaa amejiumiza mwenyewe kwa makusudi, halafu akaona haya na kuficha alama. Ukimwuliza ana nini, hujibu kwamba ndani yake mna utupu, na kwamba hajui yeye ni nani mumewe asipokuwapo.

Wifi anasema kwamba anajifanya ili ahurumiwe. Mjomba anashauri apelekwe kwa mganga. Mavyaa, ambaye ndiye aliyeamka naye usiku wote huo, amefika mwisho wa nguvu zake. "Nimemvumilia mwaka wa tatu sasa," anasema. "Mwanangu akija likizo, huyu arudishwe kwao."

Mavyaa huyu hana ukatili. Maneno yake ni ya mtu aliyechoka, ambaye hakuna aliyemweleza ni kitu gani anachopambana nacho. Jambo asilolijua ni kwamba kuachwa na kurudishwa kwao ndilo jambo hasa analoliogopa mgonjwa usiku na mchana, na kwamba sehemu kubwa ya vurugu anayoiona inatokana na hofu hiyo.

MARADHI YENYEWE NI YAPI?

Waganga wa akili huyaita maradhi haya kwa jina lenye maana ya "mpakani". Jina hilo lina historia yake. Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, aliandika juu ya wagonjwa ambao hakuweza kuwaweka upande wowote kati ya pande mbili zilizojulikana wakati ule: upande wa wenye wasiwasi na huzuni, na upande wa waliorukwa na akili. Aliwaona kuwa wamesimama mpakani. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyaingiza maradhi hayo rasmi katika kitabu chake cha magonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake iliyotangulia hii ya sasa, liliyaita maradhi ya nafsi yenye hisia zisizotulia. Na katika orodha mpya, iliyoanza kutumika Januari 2022, bado maradhi hayo yametajwa. Sisi hapa tutatumia jina hilo la hisia zisizotulia, maana ndilo linaloeleweka upesi zaidi.

Dalili zinazotafutwa na daktari katika kitabu hicho cha Marekani ni 9. Ya kwanza ni juhudi kubwa za kuepuka kuachwa, iwe kweli anaachwa au anadhani tu. Ya pili ni mapenzi na urafiki wa kupanda na kushuka, leo mtu ni malaika na kesho ni shetani. Ya tatu ni kutojua kwa uthabiti yeye mwenyewe ni nani na anataka nini. Ya nne ni kutenda mambo ya hatari bila kufikiri, kama vile kufuja fedha, kulewa au kufanya zinaa ovyo. Ya tano ni kujiumiza, au kutishia na kujaribu kujiua. Ya sita ni moyo unaobadilika mara nyingi ndani ya saa chache. Ya saba ni utupu usiokwisha. Ya nane ni hasira kali isiyolingana na jambo lililoileta. Ya tisa ni kwamba, akizidiwa, mgonjwa huweza kwa muda mfupi kujiona kama yu nje ya mwili wake, au kudhani kwamba watu wote wanamfanyia njama.

Yafaa tuonye hapa, kwa sababu msomaji akimaliza kusoma orodha kama hii huanza kumhesabia dalili jirani yake. Dalili moja au mbili hazimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Kwa kanuni ya kitabu hicho lazima zitimie 5 au zaidi, ziwe zimeanza ujanani, na ziwe zinaonekana katika mambo mengi ya maisha yake, si katika ugomvi mmoja. Mke anayelia kwa sababu mumewe kweli ana nyumba ya pili, au kwa sababu anapigwa, ana malalamiko ya haki, na asitokee mtu akatumia makala hii kumnyamazisha. Kazi ya kutambua maradhi ni ya mtu aliyefundishwa.

Wataalamu hukadiria kwamba maradhi haya humpata mtu 1 au 2 katika kila watu 100. Ikiwa hesabu hiyo inafaa kwetu pia, basi katika mahali penye watu 1,000, wenye maradhi haya huwa kati ya 10 na 20. Ni watu ambao kila mmoja wetu amekwisha kukutana nao.

WANAUME NAO

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba haya ni maradhi ya wanawake. Katika hospitali wanawake ndio walioonekana wengi. Lakini uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kati ya watu wa kawaida majumbani mwao, na matokeo yake kutolewa mwaka 2008, haukuona tofauti kati ya wanaume na wanawake. Tofauti ni mahali wanapopelekwa. Mwanamke anayejiumiza hupelekwa zahanati. Mwanamume anayevunja vyombo na kupigana baa hupelekwa kizuizini, na akiwa askari hupewa adhabu.

Jambo hili lawahusu sana wapiganaji. Tangu Desemba 2007, majeshi ya Burundi yalipoanza kwenda Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, vijana wengi wamekwenda na kurudi, na baadhi wamerudi wamebadilika. Mtu anayeota mapigano usiku, anayeshtuka kwa mlio wa mlango, na aliyekuwa mtulivu kabla ya kwenda vitani, huenda ana jeraha la vita, ambalo lina tiba yake nyingine. Mwenye maradhi tunayoyazungumzia aghalabu alikuwa na hofu ya kuachwa na moyo wa kugeukageuka tangu alipokuwa kijana. Hata hivyo, mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili, na kwa hiyo ni vema mtabibu aelezwe maisha yake yote, toka utotoni, na si habari za vita peke yake.

YANATOKA WAPI?

Hakuna sababu moja. Uchunguzi wa ndugu mapacha umeonyesha kwamba sehemu ya maradhi haya hurithiwa: kuna watoto wanaozaliwa na moyo mwepesi, unaowaka upesi na kuchelewa kupoa. Sehemu nyingine hutokana na malezi na misukosuko. Mtoto mwenye moyo wa namna hiyo akipigwa, akinajisiwa, akiachwa na wazazi, au kila anapolia akiambiwa kwamba hana sababu ya kulia, hakui akijifunza kuzituliza hisia zake. Hata hivyo, wapo wagonjwa waliolelewa vizuri, na wapo walioteswa utotoni ambao hawakuugua. Kwa hiyo isiwe desturi kumtazama mama wa mgonjwa kwa jicho la kumlaumu.

Mwambao huu una misukosuko yake. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, mwishoni mwa Aprili, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini yaliwakimbiza watu kwa makumi ya maelfu hadi Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikawaondoa wengine. Wakimbizi wa mwaka 1972 walipoanza kurejea kwa wingi, mwaka 2008, wengi waliorudi Rumonge walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Hatusemi kwamba vita humletea kila mtu maradhi haya, kwani haiko hivyo. Tunasema tu kwamba wako watu wazima leo ambao utotoni mwao kuachwa kulikuwa jambo lililotokea kweli. Mtu wa namna hiyo akipaliwa na hofu kwa sababu simu haikulia, hofu yake haikutoka hewani.

JE, HUPONA?

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwakatia tamaa wagonjwa hawa. Ndipo mwaka 1992, katika hospitali ya McLean karibu na Boston, mtaalamu Mary Zanarini na wenzake walipoanza kuwafuata wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, yaani wale waliokuwa na hali mbaya. Kila baada ya miaka 2 waliwachunguza upya. Baada ya miaka 10, wagonjwa 93 katika kila 100 walikuwa wamepata kipindi cha angalau miaka 2 ambamo maradhi hayakuonekana tena kwa kipimo cha daktari. Baada ya miaka 16, hesabu hiyo ilifika 99 katika kila 100.

Hatuna budi kusema na upande wa pili, ili mtu asijenge matumaini juu ya mchanga. Kutulia kwa maradhi ni jambo moja, na kurudia maisha kamili ni jambo jingine. Walioweza kuwa na nafuu pamoja na kazi ya kudumu na urafiki wa kutegemewa, kwa angalau miaka 2, walikuwa 50 katika kila 100 baada ya miaka 10, na 60 baada ya miaka 16. Wapo pia waliorudiwa na maradhi, ingawa kadiri nafuu ilivyodumu ndivyo hatari ya kurudiwa ilivyopungua. Na katika miaka 24 ya uchunguzi huo, karibu wagonjwa 6 katika kila 100 walijiua. Ni kwa ajili ya hao kwamba maneno ya kutishia kufa hayapaswi kuchukuliwa kuwa ni vitisho vya bure.

Uchunguzi huo umefundisha na jambo jingine lenye faida kwa jamaa. Dalili zile zinazotisha zaidi, kama kujiumiza na kutenda bila kufikiri, ndizo zinazotangulia kupungua. Utupu wa moyoni na hofu ya kuachwa huchelewa kuondoka. Hivyo, mgonjwa aliyeacha kujiumiza mwaka huu, ijapokuwa bado analia simu isipolia, yumo njiani tayari, na jamaa wasiseme kwamba hakuna kilichobadilika.

Yupo na mtu ambaye maisha yake ni ushahidi. Mwaka 1961 msichana wa Kimarekani wa miaka 17, Marsha Linehan, alilazwa katika hospitali ya akili mjini Hartford, na alikaa humo zaidi ya miaka 2 akijiumiza kila alipopata nafasi. Baadaye alisoma, akawa profesa wa elimu ya nafsi, na akabuni tiba ambayo leo hutumika katika nchi nyingi kwa maradhi haya. Matokeo ya jaribio lake la kwanza yalitolewa mwaka 1991. Mwaka 2011 alirudi katika hospitali ileile ya Hartford na kuwaeleza watu hadharani kwamba yeye naye alikuwa mgonjwa wa namna hiyo.

TIBA ILIYOPO

Tiba ya maradhi haya ni mazungumzo yenye mpango, yanayofanywa kwa siku na saa maalumu, kwa miezi mingi. Katika tiba ya Linehan mgonjwa hufundishwa mambo 4: kuitambua hisia iliyopo wakati huu bila kuipigania, kuvuka saa ya taabu bila kufanya la kuongeza taabu, kuituliza hisia yenyewe, na kuomba au kukataa jambo bila kuvunja uhusiano. Haya ni mafunzo kama ya kwata. Hurudiwa mpaka mwili uyajue, ili siku ya dhoruba yapatikane bila kutafutwa.

Kuhusu vidonge, hakuna dawa moja inayotibu maradhi haya. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2009 unashauri kwamba dawa zisitumiwe kwa ajili ya maradhi haya yenyewe, ingawa mgonjwa aliye pia na huzuni kubwa au ugonjwa mwingine wa akili huweza kuhitaji dawa za ugonjwa huo. Kwa hiyo jamaa wasikasirike wakirudi kutoka hospitali bila mfuko wa vidonge.

Msomaji wa Bugarama atauliza kwa haki: mtaalamu wa namna hiyo atapatikana wapi? Hospitali ya akili iliyo karibu na mwambao huu ni kile kituo cha Kamenge, mjini Bujumbura, kilichoanzishwa mwaka 1981 na Mabruda wa Upendo. Ni kweli kwamba wataalamu ni wachache na nauli ni mzigo. Lakini kuna habari ya kutia moyo. Mwaka 2009, watafiti wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 180. Nusu walipewa tiba ya Linehan, na nusu wakapewa uangalizi wa kawaida wa daktari wa akili, ila uangalizi wenye utaratibu mzuri. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti kubwa kati yao. Funzo lake ni kwamba mtabibu mmoja anayeyaelewa maradhi, anayeonwa kwa siku zilizopangwa, na asiyemkimbia mgonjwa, ni tiba kubwa.

Huko Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutafuta njia ya matatizo yao, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba wagonjwa walipata nafuu. Wagonjwa wale walikuwa wa huzuni na wasiwasi, si wa maradhi haya. Hata hivyo inaonekana kwamba mtu mzima mwenye busara, akifundishwa, huweza kubeba sehemu ya kazi. Nasi tunao Bashingantahe na akina mama wa vikundi ambao watu wamezoea kuwapelekea mambo yao.

WAJIBU WA WALIOMO NYUMBANI

Sasa turudi kwenye swali la mavyaa wetu: avumilie yote, au amrudishe mkwewe kwao? Jibu letu ni kwamba kati ya mambo hayo mawili kuna njia ya tatu, nayo inaweza kufuatwa hivi.

Kwanza, wakati wa hasira, teremsha sauti na kubali hisia, hata kama hukubali tendo. Usianze kubishana juu ya nani mkweli. Mwambie, "Mwanangu, naona umeumia kwa sababu hakupiga simu. Kaa hapa karibu nami." Usimwambie, "Unalilia nini, umekosa nini humu ndani?" Neno la kwanza hupunguza moto, la pili huuongeza. Mambo ya nani alikosea yazungumzwe kesho, watu wakiwa wametulia.

Pili, ahadi ziwe ndogo na zitimizwe. Askari anayekwenda kazini asiseme, "Nitapiga kila siku," ilhali anajua hawezi. Aseme, "Nitapiga Jumapili jioni. Siku za katikati huenda hakuna mtandao, na ukimya huo hauna maana kwamba nimekuacha." Kisha apige Jumapili. Mgonjwa aandikiwe jambo hilo kwenye karatasi na libandikwe ukutani, maana saa ya hofu hukumbuka kilichoandikwa kuliko kilichosemwa.

Tatu, kuwe na mipaka, na isemwe wakati wa utulivu. Katika nyumba hii hapigwi mtu, wala mgonjwa wala mzima. Mtaji wa ndagala utunzwe na watu wawili. Matusi yakianza, mavyaa atatoka nje kwa nusu saa, halafu atarudi. Hiyo nusu saa itajwe, ili mgonjwa ajue kwamba anayetoka atarudi. Na arudi kweli. Lakini talaka na kurudishwa kwao visitumiwe kamwe kama fimbo ya kumtishia.

Nne, akitaja kufa, aulizwe waziwazi na kwa upole: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Uchunguzi umeonyesha kwamba sivyo. Aghalabu humpunguzia mzigo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuulia wadudu wa shambani na vidonge vifungiwe, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine.

Hapa tuna neno kwa wenye silaha. Katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, bunduki isilale nyumbani hata usiku mmoja. Irudishwe ghalani. Mwaka 2006 jeshi la Israeli lilianza kuwataka askari vijana waache silaha kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kujiua kati ya askari hao kulipungua kwa asilimia 40. Nia ya kujiua mara nyingi hupita baada ya saa chache, na mtu asiyekuwa na silaha karibu huwa na nafasi ya kuvuka saa hizo. Yafaa na makamanda walifahamu jambo hilo, ili askari anayeomba kutopewa silaha kwa muda asionekane mwoga.

Tano, askari polisi aitwapo usiku kwenye nyumba ambamo mtu anatishia kujiua, amfikirie kwanza kuwa ni mgonjwa. Azungumze naye mtu mmoja tu, taratibu, wengine wakae nyuma na watoto wapelekwe kwa jirani. Kumpeleka hospitali ni kazi ya usalama kama zilivyo kazi nyingine.

Sita, anayemuuguza naye ni binadamu. Wifi, shemeji na majirani wapokezane zamu, kama wavuvi wanavyopokezana usiku wa ziwani. Mavyaa aliyelala vizuri siku mbili huwa na subira ambayo hakuwa nayo. Watoto nao waambiwe kwa maneno machache kwamba mama anaumwa, kwamba anatibiwa, na kwamba si wao waliomuudhi.

Wasomaji watauliza juu ya sala na juu ya waganga. Sala inayompa mgonjwa faraja na watu wa kukaa naye ina faida yake. Lakini mtu yeyote anayemfunga kamba, anayempiga ili pepo atoke, au anayemwambia aache hospitali, huyo aepukwe.

HATUA YA KWANZA

Kwa yule ambaye amemtambua mtu wake katika maneno haya, tunashauri aanze hivi. Kwa muda wa mwezi mmoja aandike kwenye daftari siku na saa za misukosuko, na jambo lililotangulia kabla ya kila msukosuko. Asilifanye kwa siri; amwonyeshe mgonjwa mwenyewe, na ikiwezekana waandike pamoja. Kisha waende wote wawili kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Rumonge, wakiwa na daftari hilo, na waombe barua ya kwenda Kamenge. Lakini palipo na kujiumiza au maneno ya kufa, wasingoje mwezi huo upite. Askari na mapolisi waanzie kwa mganga wa kikosi, ambaye ana wajibu wa kutunza siri yao.

Na kwako wewe unayesoma na kujiona mwenyewe humu: hasira yako, hofu yako na haya unayoiona kesho yake vina jina, na watu wengi waliokuwa navyo leo wanalea watoto, wanafanya kazi na wanalala usiku. Mwonyeshe makala hii mtu mmoja unayemwamini, na umwombe akusindikize siku ya kwanza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa.